Gazoni juu ya lava: kazi ya kwanza iliyokula faida yake Goma

Vijana wawili wameanza kazi ya kutengeneza bustani Goma, mashariki mwa Kongo. Wana toroli mbili, sepetu nne, mtaimbo mmoja, na mteja wa kwanza: mama mwenye nyumba ya kupangisha katikati ya mji, mahali lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita tarehe 17 Januari 2002. Mpangaji anaingia mwanzo wa Desemba, na mama anataka lango likifunguliwa kitu cha kwanza kuonekana kiwe gazoni, majani mabichi yaliyofunika uwanja. Vijana wanapima uwanja kwa hatua za miguu, wanaandika devi, yaani karatasi ya makadirio ya bei, usiku uleule, dola 850. Mama anakubali bila kubishana. Katikati ya Novemba gazoni imeshapandwa. Mwisho wa Januari simu inalia: «Wanangu, ile gazoni yenu inaingia chini ya mawe.»

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na makosa yanayojirudia katika kazi hii, na bei zilizomo ni za kufanyia hesabu, si bei za soko la wiki hii. Vipimo vya udongo na maji ndivyo vya kushika, kwa sababu hivyo havibadiliki na dola.

Mama alisema kweli tupu: gazoni ilikuwa inaingia chini ya mawe. Lava mpya si sakafu. Juu ina ganda lililopasukapasuka, chini yake mna mapengo, vipande vilivyolaliana ovyo, na mahali pengine uwazi unaoweza kumeza mkono mzima. Mvua ya Goma ikinyesha kwa nguvu haitembei juu ya lava hiyo, inazama palepale ilipoangukia. Udongo laini ukiwekwa moja kwa moja juu yake unazama pamoja na maji, kijiko kwa kijiko, hadi mizizi inabaki imening'inia juu ya jiwe kavu.

Tuanze na devi, maana ndiko ugonjwa ulikoingilia.

Parseli, yaani kiwanja, ina mita 25 kwa 20, yaani mita mraba 500. Nyumba, maegesho ya gari, tangi la maji na shimo la choo vinachukua 260. Zinabaki 240 za bustani, na vijana walipanga kuzifunika zote kwa gazoni. Unene wa udongo waliukadiria kuwa sentimita 10. Hesabu yao: 240 × 0.10 = mita za ujazo 24. Dereva aliwaambia lori lake linabeba mita 6, basi safari nne. Wakaandika hivi: udongo safari 4 kwa dola 70, ni 280, magunia 20 ya mbegu ya pasipalumu (nyasi ya gazoni inayopandwa kwa vishina) kwa dola 5, ni 100, magunia 10 ya samadi kwa dola 4, ni 40, vibarua 6 siku 5 kwa dola 5, ni 150, usafiri 30. Jumla 600. Wakaongeza 250 ya kwao, wakapata 850.

Kwenye karatasi hesabu hiyo inapendeza, na kujumlisha hawakukosea. Walikosea vitu vitatu ambavyo havionekani kwenye karatasi.

Cha kwanza, lori la «mita 6» halikuwa na mita 6. Sanduku la lori hupimwa kwa utepe, urefu, upana na kimo cha ubavu, kabla ya kukubaliana bei. Sanduku lile lilikuwa mita 3 kwa 1.9, na udongo ulifika kimo cha sentimita 80: 3 × 1.9 × 0.8, ni kama mita za ujazo 4.5. Safari nne zikaleta 18, si 24. Dereva si lazima awe amedanganya. Wengi wanasema jina la lori kama walivyolirithi, na kilima kinachoonekana juu ya sanduku wakati wa kupakia kimeshaanguka lori likifika. Jibu ni kununua kwa vipimo vya sanduku, si kwa jina la lori, na kuuandika mstari wa kimo ndani ya ubavu kwa chaki ili safari ya nane ifanane na ya kwanza.

Cha pili, udongo uliochimbwa na kumwagwa una hewa nyingi. Ukimwagiliwa na kukanyagwa hupungua karibu moja ya tano, na ule mwepesi wenye majivu ya volkano unaweza kupungua zaidi. Mita 18 zikabaki 14.4. Gawanya kwa 240: sentimita 6. Mama alilipia sentimita 10, akapata 6, na hakuna aliyemwibia kwa makusudi.

Cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote: hizo 6 ni wastani. Lava ina migongo na mabonde. Vijana walisawazisha juu kwa reki hadi uwanja ukalala vizuri, kwa hiyo bondeni udongo ulikuwa sentimita 12 na juu ya mgongo ulikuwa 2. Kwa macho ulikuwa uwanja mmoja. Kwa mizizi zilikuwa nchi mbili.

Namna ya kuliona jambo hili kabla ya kuandika bei ni rahisi na haina gharama. Chukua chuma cha milimita 8 cha ujenzi, chenye urefu wa mita moja, kikate ncha, kitie alama ya rangi kila sentimita 5. Vuta kamba mbili, choma chuma kila baada ya mita 2 kwa kila upande, andika namba kwenye daftari la miraba. Kwa mita mraba 240 ni kama vituo 60, kazi ya saa moja na nusu kwa watu wawili. Penye lava tupu, tumia kamba iliyonyoshwa kwa usawa, na upime kutoka kamba hadi jiwe. Usawa unapatikana kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji, wa mita 10. Daftari hilo ndilo devi yenyewe. Aliyekuja na utepe na chuma siku ya kwanza ataonekana ghali kuliko aliyekuja na hatua za miguu, lakini yeye atakuwa amepima kitu anachokiuza.

Kwa nini basi gazoni ilingoja hadi Januari ndipo ife? Kwa sababu Novemba ilikuwa inaificha. Mvua za Goma zinaanza Septemba, zinakwenda hadi Desemba, kisha panakuja kiangazi kifupi cha Januari na Februari kabla ya mvua za Machi hadi Mei. Kiangazi kirefu ni Juni hadi Agosti. Majani yaliyopandwa Novemba yalikunywa karibu kila siku, na hata penye sentimita 2 yalionekana yameshika. Fikiria udongo kama ndoo. Udongo mzuri wenye samadi unaweka kwa ajili ya mmea kama milimita 1.5 za maji kwa kila sentimita ya unene. Gazoni siku ya jua inakunywa kama milimita 4. Penye sentimita 20 mna milimita 30, chakula cha wiki nzima. Penye 6 mna 9, siku mbili. Penye 2 mna 3, hazifiki jioni. Mvua zilipokatika kwa siku tano, migongo yote ya lava ikajichora juu ya gazoni kwa rangi ya majani makavu. Ukisimama barazani ungeweza kuifuata lava ilivyokuwa inatiririka.

Hapo vijana walifanya kosa la nne, ambalo hufanywa na karibu kila anayeona manjano: walitia ure, yaani mbolea ya urea. Kilo 10 kwenye mita 240, ni karibu gramu 42 kwa kila mita. Kipimo kinachovumilika kwa mara moja ni kama gramu 10, yaani kilo 2.4 kwa uwanja ule wote, na lazima imwagiliwe papo hapo. Ure ikizidi hufanya kama chumvi. Kwenye udongo mkavu wa sentimita chache inavuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyapeleka. Mabonde yaliyokuwa bado mabichi yakapata madoa ya kahawia, kila doa upana wa kiganja, palepale konzi ilipomwagika. Manjano ya njaa huja polepole na kwa usawa, kuanzia majani ya chini. Manjano ya kiu hufuata ramani ya jiwe. Kabla ya kununua mbolea yoyote, choma chuma.

Na zamu, yaani mlinzi wa nyumba, je? Aliambiwa amwagilie, hakuambiwa vipi. Alibeba bido, yaani dumu, la lita 20 begani, akalimimina lote mahali pamoja, saa sita mchana. Kila alipomimina palibaki kishimo chenye kokoto tupu katikati na udongo uliorushwa pembeni, na kishimo hicho kilikuwa mlango mpya wa udongo kuingilia kwenye ufa. Dawa yake ni ndogo: mfuniko wa bido utobolewe matundu 15 kwa msumari uliopashwa moto, na tundu moja juu karibu na mshikio ili hewa iingie. Maji yatoke kama mvua, asubuhi mapema au jua likishuka.

Lakini hata zamu angekuwa hodari, hesabu ya maji ilikuwa haibebeki. Mita 240 kwa milimita 4 ni lita 960 kwa siku, bido 48. Hakuna zamu wa kubeba bido 48 kila siku ya kiangazi, na mabomba ya mjini hayaahidi kitu. Ukubwa wa gazoni Goma ulipaswa kuamuliwa na idadi ya bido ambazo nyumba inaweza kupata siku mbaya, si na ukubwa wa uwanja. Swali hili ndilo la kwanza kumwuliza mteja, kabla ya kumwuliza maua anayopenda: mama, kiangazi maji yanatoka wapi, na nani anayabeba?

Marekebisho

Kufanya uwanja wote sawasawa ilikuwa hivi. Unene wa sentimita 20 baada ya kushuka: 240 × 0.20 = 48. Ugawe kwa 0.8 kwa sababu ya kupungua: 60. Ugawe kwa 4.5 za lori: safari 14, dola 980. Chini yake changarawe nyeusi ya volkano ya kuziba mapengo, wastani wa sentimita 8: mita 19, safari 5 kwa dola 40, ni 200. Ongeza mbegu, samadi, vibarua siku 9 na usafiri: gharama inapita dola 1,600, na bei ya haki inapita 2,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya kazi ile tangu mwanzo. Mama hakuwa nayo.

Njia iliyobaki, na kwa maoni yetu ndiyo ingekuwa ya kwanza hata kama pesa zingekuwepo, ni kupunguza gazoni. Mita mraba 90 mbele ya baraza, mahali jicho linapoangukia. Mita 150 zilizobaki ziwe changarawe nyeusi, njia za mawe bapa ya lava, na mashimo tisa ya mimea inayostahimili. Nyeusi ya lava ni rangi ya mji huu, na kijani kidogo juu yake kinang'aa kuliko kijani kingi chenye madoa. Maji ya 90 ni lita 360, bido 18. Ukimwagilia kwa wingi mara moja kila siku tatu au nne badala ya kulambisha kila siku, mizizi inashuka na kazi ya zamu inapungua.

Udongo: 90 × 0.20 ni 18. Mashimo tisa ya sentimita 60 kila upande ni kama 2. Jumla 20 baada ya kushuka. Uwanjani mlikuwa na 14.4, lakini sehemu ilishazama na sehemu imechanganyika na kokoto. Za kuokoa ni kama 10. Zinakosekana 10, yaani 12.5 za kumwaga, safari 3, dola 210. Changarawe: sentimita 8 chini ya gazoni na 5 kwenye zile 150, ni karibu mita 15, safari 4, dola 160. Mbegu za kujazia 25, usafiri 25, vibarua 6 siku 6 ni 180. Jumla 600 kwa mara ya pili.

Kazi ilipangwa wiki ya mwisho ya Februari ili mvua za Machi ziikute imekamilika. Mpangilio wake:

Kwanza, gazoni iliyo hai inakatwa vipande vya mraba pamoja na udongo wake, inapangwa kivulini, inafunikwa magunia yenye unyevu. Isikae zaidi ya siku tatu. Kisha udongo wote unakusanywa lundo moja na kuchekechwa kwenye wavu wa sentimita 1.

Pili, migongo ya lava inavunjwa kwa nyundo ya kilo 5 na mtaimbo. Miwani ya kukinga macho si anasa hapa: kipande cha lava kinachoruka ni kioo chenye kona. Glavu nene pia, na matairi ya toroli yawe ya mpira mgumu usio na upepo, la sivyo siku ya kwanza itaisha kwa kuziba pancha. Mawe yanayotoka hayatupwi. Yaliyo bapa ni njia, mengine ni ukingo wa kuzuia udongo.

Tatu, kuziba. Hapa ndipo kazi inapopona au kufa. Mapengo makubwa yanajazwa mawe ya ukubwa wa ngumi, yamegongwa yakakaza. Juu yake kokoto za sentimita 2 hadi 4. Juu yake changarawe nyembamba ya volkano, punje kama za mahindi, kisha tabaka jembamba la mchanga. Kila tabaka linakuwa dogo kiasi cha kutoshea juu ya matundu ya lile la chini bila kupita. Mwaga maji bido mbili mahali pamoja na uangalie: changarawe ikizama ongeza, mwaga tena, hadi maji yaondoke na changarawe ibaki. Wapo wanaotandika magunia matupu badala ya hatua hii. Msimu wa kwanza yanashika, lakini mizizi inatambaa juu ya plastiki bila kushuka, na gunia likioza au kuchanika, pengo liko palepale.

Nne, udongo kwa awamu mbili za sentimita 12 au 13, kila awamu inakanyagwa, inamwagiliwa, inaachwa usiku mmoja. Mwisho unabaki na 20. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Chuma kinachomwa tena kila mita 2, mteja akiwepo, na namba zinaandikwa kwenye karatasi anayobaki nayo.

Tano, kupanda. Pasipalumu ina mizizi inayoshuka, inavumilia kukanyagwa na kukosa maji siku chache. Vishina vinapandwa sentimita 20 kwa 20, yaani 25 kwa kila mita. Ukiweza 15 kwa 15 uwanja utafunga mapema na magugu yatakosa nafasi. Nyasi za kikuyu zinapenda baridi ya nyanda za juu na zinafunga haraka, lakini zinataka chakula na maji zaidi, na zinapanda hadi kwenye vitanda vya maua.

Kwenye mashimo tisa: bugenvilia, aloe, mikonge ya mapambo. Shimo moja la sentimita 60 kwenye lava ni kazi ya mtu nusu siku hadi siku nzima, na liandikwe hivyo kwenye devi, maana mteja anaona tundu tu. Anayetaka kujua nini kinapenda jiwe hili aangalie lava iliyoachwa peke yake pembeni ya mji: huanza kuvu ya kijivu iliyoshikana na jiwe, yanafuata makangaga ndani ya nyufa, kisha vichaka. Makangaga hayo hugharimu kazi ya kuyang'oa tu, nayo yanakaa kivulini vizuri kuliko maua mengi ya kununua. Drasena na gladiola zina tabia ya kuungua ncha za majani zikipata floridi, na moshi wa volkano ukichanganyika na mvua unaibeba. Ncha kavu kwenye mimea hiyo si lazima iwe kiu.

Udongo wenyewe

Udongo wa bustani Goma ni bidhaa inayotoka nje ya mji, na barabara ikifungwa bei inaruka siku ileile. Devi iliyoandikwa leo isiahidi bei ya udongo kwa zaidi ya siku saba au kumi, na hilo liandikwe.

Usikubali lori limwage kabla hujapanda juu ya sanduku. Chimba kwa mkono hadi kiwiko mahali pawili, maana juu ya lori huwekwa kilicho kizuri. Shika konzi, kamua. Ukibaki donge gumu linalong'aa kama ufinyanzi, ni mfinyanzi mwingi, utapasuka kiangazi. Ukimwagika wote kama majivu, hautashika maji. Mzuri unakaa donge, ukiugusa kwa kidole gumba unavunjika vipande. Tafuta viazi vidogo vyeusi vya mizizi, vyenye harufu kali kidogo ukivipasua: hiyo ni ndago, gugu sugu, na ndago ikiingia kwenye gazoni haitoki. Lori lenye ndago linarudishwa, hata kama mteja anasubiri. Tazama pia saruji iliyoganda, plastiki na vioo.

Penye muda, chupa ya plastiki: theluthi moja udongo, maji hadi shingoni, tikisa dakika mbili, weka mezani hadi kesho. Mchanga utalala chini, tope jembamba katikati, mfinyanzi juu, takataka za majani zitaelea. Mteja akiletewa chupa mbili za malori mawili, anaelewa bei bila maelezo.

Kama gari halifiki langoni, ni chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Lori la mita 4.5 ni kama magunia 110 ya kilo 50. Chukudu ikibeba magunia manane, ni safari 14. Bei ya safari hizo ikisahauliwa kwenye devi, inatoka mfukoni mwa fundi.

Ingekuwa upande wa magharibi

Kazi hiyohiyo ingekuwa Himbi, Keshero au kuelekea Mugunga, kungekuwa na jambo jingine zito kuliko pesa: mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayolala kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na asubuhi kabla upepo haujaamka. Haionekani, na mara nyingi hainuki. Dalili zake ni wadudu, mijusi au ndege waliokufa kwenye kibonde kimoja, na majani yaliyokauka kwa duara wakati jirani yake ni mabichi. Waulize wakazi na zamu kabla ya kupiga mtaimbo. Karibu kila mtaa wanajua vibonde vyao.

Kibarua asiiname ndani ya shimo asubuhi ambapo hakuna upepo. Asifanye kazi peke yake. Shimo la mbolea au la tangi lisichimbwe kwenye kibonde. Mshumaa usitegemewe: hewa hii inaweza kumlegeza mtu kabla moto haujazimika. Na mwenzako akianguka ndani ya shimo, usiruke kumfuata. Vuta kwa kamba kutoka juu. Wengi wanaokufa kwa mazuku ni hao wa pili. Kamba ifungwe kiunoni kabla ya kushuka, si kutafutwa baadaye. Sehemu yenye dalili hizo haipandwi gazoni ya watoto kuchezea. Inainuliwa kwa mawe na changarawe, au inaachwa na kuzungushiwa ukingo.

Pesa na karatasi

Nani alipe ile 600 ya pili? Devi ya kwanza haikutaja unene wala maji, kwa hiyo kila upande ulikuwa na haki ya kukasirika. Suluhu ya haki ilikuwa mama alipie vifaa, 420, kwa sababu hivyo angevilipia tangu mwanzo, na vijana watoe vibarua, 180. Faida yao ya 250 ikabaki 70 kwa miezi mitatu ya wasiwasi. Hata hivyo walibaki na mteja, na mpangaji wa nyumba ile ana ofisi nyingine mjini.

Malipo ya awali ya nusu hayatoshi Goma, kwa sababu udongo na changarawe hulipwa taslimu siku ya kumwaga. Asilimia 60 kabla ya lori la kwanza, 30 namba za chuma zikishasomwa mbele ya mteja, 10 baada ya wiki sita gazoni ikiwa imeshika. Dhamana itaje sharti lake: bido ngapi, kila siku ngapi, nani anamwaga.

Kwa nyumba za watu, patente, yaani leseni ya biashara ndogo, inatosha kuanzia. Mashirika na hoteli wataomba faktura (ankara) yenye namba ya RCCM, yaani daftari la usajili wa biashara, ya kitambulisho cha taifa cha biashara na ya kodi. Kabla ya 2025 zote ziliombwa kupitia dirisha moja la kuanzisha biashara. Anayelenga wateja hao azianze mapema, maana zabuni haingoji karatasi.

Mashine ya kukata majani isiwe kati ya vifaa vya kwanza. Gazoni changa juu ya lava inatoa vijiwe kwa miezi mingi, na kijiwe kikigongwa na kisu cha mashine kinavunja kisu au dirisha. Mkato wa kwanza ni kwa fyekeo la mkono, baada ya kuokota mawe, majani yakifika sentimita 8, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu.

Mama aliomba matunzo ya mwezi. Watu wawili, nusu siku, mara nne: vibarua 20, usafiri 8, mbegu na samadi za kujazia 4. Jumla 32, bei 60, maji ni ya mwenye nyumba. Zinabaki 28 kila mwezi kutoka uwanja mmoja wa mita 90, na nyumba kumi za namna hiyo zinalipa zaidi ya gazoni mpya yoyote waliyokuwa wakiiota. Ziara ya kwanza ya kila mwezi inaanza na chuma: vituo vitano vilevile, namba kwenye daftari. Kituo kikishuka chini ya 18, gunia moja la udongo linaletwa wiki hiyohiyo, kabla ufa haujafunguka.